Shika Mwiko Kwanza: mazungumzo juu ya sherehe za vijiji vya Ugiriki

Assalamu alaikum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni. Viti vya mbele havina mwenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya sherehe za vijijini Ugiriki, na aliyeniomba alitaraji nije na picha. Picha sikuleta. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema hivi, na nitasema tena leo: ukifika kwenye sherehe ya watu, shika mwiko wa sufuria kwanza, picha baadaye. Nasema hivyo kwa sababu kila mwaka naona watu wanasafiri mbali, wanarudi simu zimejaa video, na ukiwauliza chakula kile kilipikwa na nani, kwa pesa za nani, wanakutazama tu.

Wenyewe sherehe hizo wanaziita panigiri. Ni neno la Kigiriki cha kale: mwanzo wake ni "wote", mwisho wake ni kukusanyika. Kila kijiji kina kanisa lake, kanisa lina mtakatifu wake, mtakatifu ana siku yake, na siku hiyo kijiji kinapika. Siku kubwa kuliko zote ni 15 Agosti, wanapokumbuka kulala usingizi kwake Bibi Mariamu, yaani kufariki kwake. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda wanaijua vizuri, maana nao huifungia tangu tarehe mosi. Hayo yatosha, mengine mtasoma.

Nianze na Lesvos. Nyinyi mnajua nitaanza na Lesvos.

Ni kisiwa kilicho mkabala na pwani ya Uturuki, na kilikuwa chini ya Waothmani mpaka 1912. Kuna kijiji huko kinaitwa Agia Paraskevi. Kiangazi kinapoingia, chama cha wakulima wa kijiji hicho, ambacho kimejiweka chini ya mtakatifu Charalambos, hununua fahali. Fahali hupambwa kwa maua, hutembezwa mitaani na wapiga muziki, watu wakatoka majumbani kumtazama na kutoa chochote. Kisha hupandishwa kilimani nje ya kijiji. Huko huchinjwa, na usiku kucha hupikwa. Hupikwa na nini? Na ngano.

Nilikuwa nimesimama pembeni, masufuria yamepangwa juu ya moto, makubwa kama yale ya shughuli za kwetu, na wanaume wanapiga kwa miti mirefu. Harufu ikanijia. Nilitamka kwa sauti, peke yangu, Kiswahili, katikati ya Wagiriki: boko boko!

Wao wanaita keskeki. Waturuki wanaita keskek. Waomani na watu wa Ghuba wanaita harisi. Ngano, nyama, maji, chumvi, moto wa kiasi na mkono usiochoka, mpaka usijue nyama iko wapi na ngano iko wapi. Ukilitia samli na kitunguu cha kukaanga ukalipeleka Mkunazini, Unguja, asubuhi ya Idi, hakuna atakayekuuliza umelitoa wapi. UNESCO waliiandika keskek ya Waturuki kwenye orodha yao ya urithi wa mila mwaka 2011, na harisi ya Oman, Imarati na Saudia mwaka 2023. Boko boko letu halimo, na hilo nina maneno nalo, lakini si leo.

Swali lenu nalijua, msinyooshe mikono. Ulikula? Sikula. Ni nyama iliyochinjwa kwa ajili ya mtakatifu wao, siili, na nikawaambia wazi. Hakuna aliyenuna. Watu wanadhani ukikataa chakula cha mwenyeji basi umeharibu kila kitu. Mwenyeji anataka kujua una nini cha kumpa, na mkono ni kitu.

Sikilizeni kilichotokea. Jioni ile, kabla ya moto kuwashwa, bibi mmoja wa kijiji alikuwa amenikuta napiga picha. Akaniuliza neno moja tu, "Tinos ise?" Wewe wa nani? Wazee wa vijijini kule ndivyo wanavyouliza. Jina lako baadaye, kazi yako baadaye, kwanza wewe wa nani, mtoto wa ukoo gani, nikuweke wapi. Sisi si ndivyo tulivyolelewa? Ukipita mtaa si wako, swali la kwanza si lilikuwa hilo hilo? Sikuwa na jibu. Nikamwambia mimi mgeni, natazama. Akasema haya, akaenda zake. Hakunikasirikia. Ila tangu hapo kila aliponipita alinipita kama anavyopita mti.

Usiku wa manane mzee aliyekuwa akipiga sufuria la mwisho alichoka. Akaniona nimekaa kwenye jiwe. Akaninyooshea ule mti wake bila kusema kitu. Nikaupokea. Nimelipiga boko boko tangu nina miaka kumi, nyuma ya nyumba ya bibi yangu. Mkono unajua wenyewe kwamba hukorogi, unapiga, unakandamiza chini na kuvuta juu. Yule mzee akatazama, akamwita mwenziwe, yule akamwita mwingine. Wakaanza kuniuliza, na Kigiriki changu ni cha sokoni, lakini juu ya sufuria tulielewana: kwenu mnatia kitunguu? Mnatoa mafuta? Mifupa mnaitoa saa ngapi? Nilipiga mpaka mabega yakawa moto.

Kulipokucha watu wakaja na vyombo vyao kuchukua fungu lao. Yule bibi alikuwemo kwenye foleni. Mtu wa nyuma yake akanisonta akamwuliza, huyu naye wa nani? Bibi akajibu mbele yangu: wa sufuria la mwisho.

Ndugu zangu, mtu akinipa hati ya heshima ya chuo chochote, haitalingana na jina lile.

Nimekaa sana hapo. Tuingie kwenye pesa, maana vijana mnaopeleka wageni ndiyo mnayoibishania.

Ikaria, kisiwa kingine cha bahari ya Aegean. Panigiri za kule majira yote ya joto, na mojawapo ya kubwa ni ya kijiji cha Christos Raches, 6 Agosti. Ukifika, meza ndefu, na kila kitu kinanunuliwa: nyama ya mbuzi kwa kilo, mkate, saladi, mvinyo. Kijana mmoja aliniambia, "Bi mkubwa, hapo hakuna mila, hiyo biashara." Hasira zilinipanda, na zinanipanda hata sasa. Biashara ni pale pesa inapoingia mfuko wa mtu. Ile huingia mfuko wa kijiji. Inakuwa barabara, inakuwa paa la shule, inakuwa bomba la maji. Watu wa Ikaria waliwatoa Waothmani tarehe 17 Julai 1912, wakajitawala peke yao miezi mitano kabla ya kuungana na Ugiriki. Serikali kwao ilikuwa mbali siku zote. Kama barabara inatakiwa, wanapika mbuzi, wanapiga fidla, watu wanacheza mpaka alfajiri mikono mabegani, na kesho yake wanahesabu. Basi anayekwenda pale na sambusa zake kwenye mkoba ili asitoe senti, akacheza usiku kucha, amewala watu wale barabara yao. Hunywi mvinyo, hupati nyama ya halali? Nunua mkate na saladi, nunua vya watu wanne uwape waliokaa nawe meza moja. Kinachotakiwa ni mchango wako.

Bara, upande wa Epirus, pesa ina mlango mwingine. Anayeongoza duara la ngoma ndiye anayeagiza wimbo, na ndiye anayewapa wapigaji. Wapo wanaombandika mpiga klarineti noti kwenye paji la uso. Kutunza mnakujua, sina haja ya kueleza. Kwa hiyo kile kichwa cha duara kina mwenyewe, amekilipia, pengine amekisubiri mwaka mzima, ametoka Ujerumani au Australia kuja kuucheza wimbo wa baba yake. Wewe ingia mkiani. Mkiani unakaribishwa hata kama hujui hatua hata moja. Nimeona mgeni akirukia mbele mwenzake apate kumpiga picha. Muziki haukukatika, lakini yule mwenye wimbo alitoka akaenda kukaa.

Kuna anayesema, Ugiriki na sisi wapi na wapi. Nendeni Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, watu wanapopigana kwa migomba, mhesabu walioshika migomba na walioshika simu, kisha turudi tuzungumze.

Sasa saa inanikimbia, na Olympos nilitaka kuipa nusu saa. Ni kijiji juu ya mlima kwenye kisiwa cha Karpathos. Tarehe 15 Agosti wanawake wanavaa mavazi yao, binti wa kwanza ana sarafu za dhahabu kifuani, maana kule binti wa kwanza hurithi mali ya mamake na mtoto wa kiume wa kwanza hurithi ya babake. Lakini dhahabu niiache. Wanaume wanakaa mezani na zeze lao la lira, wanajibizana kwa mantinada, beti za papo kwa papo. Na hapa washairi mnisikilize: mshororo wao una silabi 15, nane kisha saba, na vina. Sisi shairi letu mizani 16, nane kwa nane. Nilipohesabu kwa vidole nilisisimka mwili mzima. Wanaimba juu ya aliyefariki mwaka huu, juu ya waliokwenda Baltimore wasirudi, na wanalia, watu wazima wenye ndevu, machozi yanadondoka mezani, na mwenziwe anamjibu kwa ubeti. Katika uso kama ule, mtu anawasha taa ya kamera. Nawaombeni, hata kama hamtakumbuka jingine lolote la leo, taa ile msiiwashe.

Wachezaji wa kengele wa kisiwa cha Skyros nawaacha. Vijiji vya Vlasti na Syrrako, ambavyo sherehe zao za Agosti ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022, navyo naviacha, ingawa nilikuwa nimeviandika hapa. Magharibi imekaribia.

Kwa wanaokwenda mwaka huu: tiketi ya meli ya katikati ya Agosti kateni sasa hivi, maana Wagiriki wenyewe wanarudi vijijini kwao wiki ile na meli zinajaa. Bebeni pesa taslimu, noti ndogo ndogo. Jifunzeni kusema "hronia pola", ndiyo heri yao ya sikukuu. Na fikeni mchana, kabla watu hawajakaa kula, wakati meza bado zinabebwa, kwa sababu saa hiyo hakuna anayekataa mtu wa kushika upande wa pili wa meza.