Paa la pande nne: tuanzie kwenye kona

Ndugu zangu mafundi, nanyi wanafunzi mliokuja na madaftari, asanteni kwa kufika. Leo ni paa la pande nne, lile linaloteremka kwenye kuta zote nne, na muda wangu mwingi utakwenda kwenye kona zake, maana ndiko linakoanza kuharibika.

Chukueni nyumba ya mita 12 kwa 8, mteremko wa nyuzi 30. Mbao ya kawaida ya mteremko, toka ukutani hadi kileleni, ukiacha sehemu inayotokeza nje, ni kama mita 4.6. Ya kona inapita mshazari, hivyo inafika mita 6.1, na imelala zaidi: nyuzi 22 tu. Juu ya hayo, mbao fupi za pande zote mbili zinaiegemea, na zile ndefu zaidi ziko karibu na kilele, kwa hiyo mzigo unaongezeka kadiri unavyopanda. Halafu mtu anakata zote za inchi mbili kwa nne, ya kona sawa na nyingine! Paa la namna hiyo hubonyea. Mbao ya kona izidi za kawaida kwa kina, walau inchi 2, ili hata zile fupi, ambazo mkato wake ni wa mshazari, zipate uso wote wa kuegemea. Zipigilie kwa jozi, moja kushoto na mwenzake kulia. Ukimaliza upande mmoja kwanza, unaipinda ya kona.

Na kiungo? Mbao nyingi mnazonunua ni za futi 12, hazifiki mita 4, kwa hiyo lazima uunge. Basi kiungo kikae juu ya nguzo inayoshuka mpaka kwenye ukuta wa ndani. Naomba sana, nguzo hiyo msiisimamishe juu ya mtambaapanya, ile mbao inayolala toka ukuta hadi ukuta, katikati ya sebule. Dari litapasuka, na mwenye nyumba atamlaumu fundi wa dari bure.

Kuna tatizo jingine ambalo dari hulificha. Kwenye pande ndefu za nyumba, mtambaapanya hushika miguu ya mbao mbili zinazotazamana isitanuke. Kwenye upande mfupi mbao za mteremko nazo zinausukuma ukuta nje, lakini mitambaapanya imelala sambamba na ukuta huo. Hakuna kinachozishika! Weka mbao fupi za kufunga, zitoke ukuta wa mwisho ziingie ndani na kupigiliwa kwenye mitambaapanya kadhaa, si mmoja. Kila kona iwe na mbao ya mshazari inayoziunganisha zile mbao mbili zinazokutana pale, zikiwa zimelala juu ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta. Na lenta yenyewe, nondo zake zipinde kona na kupishana na zenzake, zisiishie pale.

Sasa upepo. Bati halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba, wakati vigae vya zege hukaribia 50. Upepo wa kilometa 108 kwa saa una nguvu sawa na uzito wa kilo 55 hivi kwa mita ya mraba, na kwenye kingo huvuta paa kwenda juu. Pwani yetu inavijua vimbunga: Zanzibar mwaka 1872, Lindi 1952, na kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Paa la pande nne hustahimili upepo vizuri kuliko la pande mbili. Kimbunga Andrew kilipopita Florida mwaka 1992, kuta za pembetatu za mapaa ya pande mbili ndizo zilizoanguka sana. Lakini lazima liwe limefungwa. Msumari uliopigwa wima hung'oka, hasa mbao ikipigiliwa mbichi kisha ikakauka na kusinyaa. Tumieni utepe wa chuma uliozikwa ndani ya lenta wakati wa kumwaga zege, uzungushwe juu ya mbao na kupigiliwa pande zote mbili.

Mwenye nyumba, kabla bati la kwanza halijapanda, chukua ngazi upite kona zote nne na fundi wako. Akuonyeshe kiungo kimeegemea wapi, utepe umetoka wapi, na mbao ya mshazari iko wapi. Isipokuwepo, bati lisubiri.