Namba Baada ya Kistari: Mhadhara Kuhusu Kupandisha Toleo la Windows

Ndugu zangu, karibuni. Leo nazungumzia Windows peke yake. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, wengi wanajaribu kuhamia 11, na si wachache wanaokwama njiani.

Niseme kwanza jinsi watu wanavyohangaika. Kompyuta inagoma, inatoa namba ya kosa. Mtu anaitafuta namba hiyo intaneti, anachukua dawa ya kwanza anayoiona, anaitumia. Haikusaidia? Anachukua ya pili. Ikifika jioni ameshafuta folda asizojua kazi yake, na kosa liko palepale. Kisa ni kwamba amesoma nusu ya namba tu.

Tazameni hapa ubaoni: 0xC1900101 - 0x20017. Wote hukimbilia ile ya kwanza, nayo haisemi mengi. Inasema usakinishaji umeshindikana, mfumo umerudishwa ulikokuwa, na mara nyingi mchawi ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa. Draiva ipi? Kimya. Mahali pa kosa panatajwa na namba iliyo baada ya kistari. Tarakimu inayofuata 0x ni hatua, na zilizobaki zinaonyesha kazi iliyokuwa ikifanyika.

Hatua ziko nne. Katika ya kwanza Windows ya zamani ingali kazini, inapakua faili na kukagua kama kompyuta inafaa. Katika ya pili kompyuta inazima na kuwaka ndani ya mfumo mdogo wa muda, na huo ndio unaoweka Windows mpya kwenye diski. Ya tatu, Windows mpya inawaka kwa mara ya kwanza. Ya nne, inawaka tena na kumalizia, ikiwemo kuhamisha data na mipangilio ya watumiaji.

Sasa rudini kwenye 0x20017. Ni hatua ya pili, na kazi iliyokwama ni kuwaka. Wakati huo Windows ya zamani haiko tena kazini. Kwa hiyo ile dawa inayopendwa kuliko zote, ya kufuta mabaki ya Windows Update, haigusi tatizo hata kidogo! Hapa chomoa kila kifaa cha USB isipokuwa kibodi na mausi. Sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na draiva ya diski. Antivairasi uliyoweka mwenyewe iondoe kabisa. Ukiizima tu, draiva zake zinabaki ndani.

Linganisheni na 0x4000D. Hatua ya nne, kuhamisha data. Mwenye kosa hili draiva zake zimeshapita salama, Windows mpya imeshawaka. Ningeanza kukagua akaunti za watumiaji, hasa ile ya zamani iliyofutwa nusunusu na kuacha mabaki kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows. Kosa la kwanza na hili, kwa mtumiaji, yana sura moja: asilimia zinapanda, kisha kompyuta inarudi ilikotoka. Tiba zake hazikutani popote.

Anayetaka jina la mkosaji afungue faili za kumbukumbu. Ziko kwenye C:, katika folda iliyofichwa iitwayo $WINDOWS.~BT, ndani ya Sources\Panther, na mfumo ukirudishwa nyuma angalia pia Sources\Rollback. Zinaitwa setuperr.log na setupact.log. Ya pili ni ndefu mno, isomeni kutoka mwisho kupanda juu. Aliye mvivu, nami nimo, atumie SetupDiag ya Microsoft: ni ya bure, inazisoma yenyewe na kutaja sababu inayoitambua.

Zipo namba zisizohitaji upelelezi. 0x80070070 ni nafasi ya diski. 0xC1900208 ni programu isiyopatana na toleo jipya. 0xC1900107, usafi wa jaribio lililopita haujakamilika, zima uwashe.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza: kompyuta yangu inaambiwa haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, ninunue nyingine? Hapana, usikimbilie dukani. Kwenye mashine nyingi chipu hiyo ipo ila imezimwa katika BIOS. Kwa Intel huenda imeandikwa PTT, kwa AMD fTPM. Tatizo gumu zaidi ni diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kwa sababu Windows 11 inadai UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, nayo inataka diski ya mtindo mpya wa GPT. Watu huingia BIOS wakageuza kwenda UEFI moja kwa moja, na kompyuta haiwaki tena. Anza ndani ya Windows, kwa amri inayokagua kama diski inaweza kugeuzwa kuwa GPT: mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia amri ukiweka /convert mahali pa /validate, na hapo ndipo uingie BIOS. Kabla ya kugusa lolote kati ya haya, nakili mafaili yako kwingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows kwa data ya diski, sitisha ulinzi huo kwanza, na uandike pembeni ule ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48, kwenye karatasi, si kwenye kompyuta hiyohiyo. Haya, swali jingine.