Kibebeo cha mtoto: kikae mpaka wa pili abebwe nacho

Asanteni, sogeeni mbele jamani, na nyie kina baba hapo nyuma msikae pembeni, kibebeo mkinunua mtakivaa wote.

Nani hapa alibebwa kwa kanga? Naona mikono karibu yote. Sasa mkumbuke bibi alivyokuwa anafunga, anainama, mtoto anawekwa mgongoni, kanga inashika makalio mpaka nyuma ya magoti, miguu inamkumbatia bibi kiunoni, yani magoti yako juu kidogo kuliko makalio, ukimtazama kwa nyuma ni kama herufi M. Mkao huo ndo unaosaidia nyonga za kichanga zikomae vizuri. Na hawa wa ng'ambo walijifunza huku huku Afrika, Ann Moore, nesi Mmarekani aliyekuwa Togo na Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea, miaka ya 60, aliona kina mama wa kule wanavyobeba, akarudi kwao akatengeneza kibebeo kinachoitwa Snugli.

Kwa hiyo dukani usianze na rangi, anza na pale mtoto anapokalia. Mimi kibebeo changu cha kwanza nilipenda maua yake tu, kumbe chini ni chembamba kama utepe, miguu ya mwanangu inaning'inia, analia, alivyofika miezi saba hakifai tena na hela imeshaenda. Niliumia kweli. Tafuta kile ambacho unaweza kukipunguza upana akiwa mchanga alafu ukaongeza anavyokua, kitambaa kifike goti hadi goti. Angalia na lebo ya uzito, vingine vinaishia kilo 15, vingine vinafika 20, na mtoto wa miaka mitatu anakaribia kilo 14, sasa piga hesabu mwenyewe.

Alafu mkanda wa kiunoni, huu ndo roho ya kibebeo, kwasababu uzito unatakiwa ukae kwenye nyonga zako, mabega yasaidie tu. Mama avae, baba avae, na dada anayebaki na mtoto avae, kama mkanda haumfiki mmoja wenu acha hapo hapo. Na joto letu hili la Dar, chukua chenye kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa, utanishukuru mwezi wa pili.

Cha mtumba hakina shida, mimi cha pili nilikipata hivo na kimebeba watoto wawili, ila vuta kila mshono kwa nguvu, funga klipu usikilize ikilia ta!, ukiona ufa mdogo kwenye plastiki rudisha.

Ukishambeba, uso wake uuone muda wote, awe juu kiasi cha kumbusu kichwani, na chini ya kidevu viingie vidole viwili, kidevu kikilalia kifuani hapumui vizuri. Mgongoni subiri mpaka akae mwenyewe, kama miezi sita hivi.

Haya, mliokuja na vyenu vileteni hapa mezani, tuanze na mama mwenye mapacha.