Jibu Moja, Chanzo Zaidi ya Kimoja: Kuzibaini Dhana Potofu za Umeme kwa Wanafunzi wa Uhandisi

Wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mlioitikia mwaliko huu,

Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kutumia kanuni za Kirchhoff, zile za kujumlisha mikondo na volteji katika saketi, bila kukosea hata alama moja, na bado akaamini kwamba balbu hula mkondo wa umeme. Kwa sababu hiyo siridhiki tunapopima uelewa wake kwa hesabu peke yake.

Chukueni saketi ya betri ya volti 12 na balbu tatu zinazofanana: A imeungwa kwa mfululizo na jozi ya B na C, ambazo zenyewe zimeungwa sambamba. Tukiichomoa C, mwangaza wa A utakuwaje? Tukichukulia kwamba ukinzani wa kila balbu haubadiliki, mwanzoni A ilikuwa na volti 8 na ile jozi volti 4. C ikitoka, ukinzani wa saketi nzima huongezeka, mkondo hupungua, na A na B hubaki na volti 6 kila moja. Basi A hufifia na B hung'aa zaidi.

Wako wanaojibu kwamba A haibadiliki, na hapa ndipo tunapokosea sisi walimu, kwa kuweka alama ya kosa na kuendelea na swali linalofuata. Jibu hilo huweza kutokana na imani mbili tofauti kabisa. Mmoja hudhani kwamba mkondo umekwisha kupita A kabla ya kufika penye badiliko. Mwingine hudhani kwamba betri hutoa mkondo uleule daima, chochote kikiungwa mbele yake. Ili kuwatofautisha, ihamisheni A upande wa pili wa jozi, kisha ulizeni tena. Wa kwanza atabadili jibu, kwa kuwa sasa badiliko linatangulia. Wa pili atalishikilia lilelile.

Ulizeni pia volteji kati ya ncha za swichi iliyo wazi, katika saketi ya betri hiyo na balbu moja. Atakayesema sifuri ameitumia kanuni ya Ohm (volteji ni mkondo mara ukinzani) mahali ambapo hapana kikinza: ameona mkondo ni sifuri, akazidisha, ilhali voltimita itasoma volti 12. Nawasihi tuliulize swali hili kabla ya kufundisha transista, kifaa kinachoweza kutumika kama swichi ya umeme, kwa sababu transista iliyozimwa katika saketi ya namna hiyo hubeba karibu volteji yote ya chanzo, na anayetarajia sifuri pale hawezi kuisoma saketi hiyo.