Umepunguzwa kazini? Tujenge programu moja ndogo, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu watazamaji. Hapa nilipo ni Kibirizi, Kigoma Mjini, na nyuma yangu ndilo Ziwa Tanganyika. Miezi mitano iliyopita nilikuwa Dar es Salaam, naandika programu kwa mshahara. Kampuni ikapunguza watu, nami nikawemo. Nikapanda treni mpaka mwisho wa reli, nikarudi kwa mama mdogo. Tangu hapo naomba kazi, na huku naomba natengeneza kitu changu. Leo nakuonyesha namna ya kuyafanya yote mawili, maana najua wapo wengi wanaofungua laptopu asubuhi wasijue mkono uanzie wapi.

Kabla ya laptopu, karatasi. Kama umeachishwa na unaona utaratibu haukufuatwa, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hupita upesi mtu akiwa bado na uchungu. Angalia na kiinua mgongo chako: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka usipungukiwe mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Dai cheti cha utumishi. Halafu nenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii uliokuwa ukikatwa michango, ukaulizie fao la kukosa ajira. Sharti mojawapo ni uwe umechangia angalau miezi 18. Usione haya. Hiyo ndiyo pesa itakayokununulia bando wakati unajenga.

Sasa ratiba. Asubuhi yangu ni ya maombi, saa 2 hadi saa 5: naandika barua moja moja, napitia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, nawapigia niliofanya nao kazi. Saa 5 ikifika nafunga. Mchana ni wa mradi. Usivichanganye, maana jibu moja la "tunasikitika kukujulisha" likikukuta katikati ya kazi, siku hiyo umeipoteza.

Tuje kwenye kuchagua mradi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza mwezi mzima. Nilianza miradi mitatu: orodha ya mambo ya kufanya, programu ya hali ya hewa, na duka la mtandaoni lisilo na bidhaa. Yote ni mazoezi ya darasani, na anayekusaili ameshayaona mno. Fanya hivi: funga laptopu, toka nje, ukae na mtu anayefanya kazi yake. Sikiliza swali analoliuliza kila wiki. Mama mdogo ananunua dagaa hapa mwaloni na kuwaanika. Swali lake ni moja: "Giza linaanza lini?"

Kwa usiyekulia ziwani, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta, wanakusanyika chini yake, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa hazivuti tena, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo anayenunua anataka kujua tarehe za giza mapema, apange mtaji, chumvi na kibarua wa kuanika. Mama mdogo alikuwa anahesabu kwa vidole na kwa kuangalia juu. Nikasema, mradi ndio huu.

Hatua inayofuata usiifanye kwenye kompyuta. Chukua daftari. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.530588853. Tunahitaji tarehe moja ya kuanzia, na inayotumika sana ni 6 Januari 2000, saa 18:14 kwa saa za dunia, ambayo kwetu ni saa 3 na dakika 14 usiku. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, zigawanye kwa 29.530588853, kisha shika kile kinachobaki. Baki ikiwa karibu na 0, mwezi umeandama. Ikiwa karibu na 14.8, ni mwezi mpevu.

Jaribu na mimi. 19 Agosti 2024, usiku: siku zilizopita ni 8,992. Mizunguko kamili 304, baki 14.7. Na kweli usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Hesabu imekubali kwenye daftari; sasa ndiyo tunafungua laptopu.

Natumia lugha ya programu iitwayo JavaScript, kwa sababu kivinjari cha kila simu janja kinaielewa na hakuna cha kupakua. Faili ni moja tu. Mstari wa kwanza ni tarehe ya mwanzo. Wa pili unatoa tarehe ya mwanzo kwenye ya leo na kugawanya kwa 86,400,000, maana kompyuta inashika muda kwa milisekunde. Wa tatu unachukua baki. Baki ikiwa kati ya 9 na 20, skrini inaandika "Mbalamwezi". Nje ya hapo, "Giza". Mipaka hiyo sikuitoa kichwani. Niliwauliza wavuvi hapa mwaloni.

Sogea karibu na skrini uone kosa langu. Kwenye JavaScript miezi inaanzia 0, kwa hiyo Januari ni 0, siyo 1. Mimi niliandika 1, programu ikaanzia Februari. Siku 31 zilipotea, lakini kwa kuwa mzunguko ni siku 29 na nusu, jibu lilichelewa siku moja na nusu tu. Sikulishtukia. Nilimpelekea mama mdogo simu kwa furaha: "Shikamoo mama, tazama, leo ni mwezi mpevu." Akaitazama, akatazama juu, akasema: "Marahaba. Mwanangu, mpevu ulikuwa juzi." Nikarudi ndani nikapekua msimbo mpaka saa 7 usiku. Kwa hiyo programu yako mpe anayeijua kazi aijaribu, kabla hujampa anayeijua kompyuta.

Na bado ina upungufu ambao lazima uuseme. Njia ya mwezi kuzunguka dunia si duara kamili, kwa hiyo kasi yake inabadilika, na hesabu ya wastani inaweza kukosea zaidi ya nusu siku. Kwa kupanga ununuzi wa dagaa inatosha. Andika hivyo kwenye maelezo ya mradi, usifiche. Andika pia kwamba programu inajua mwezi tu: ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, yenyewe itaendelea kusema "Giza".

Kuhifadhi, tumia Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo wako. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, na uzuri wake kwetu ni kwamba kumbukumbu zote zinakaa kwenye laptopu yako. Bando likiisha unaendelea. Likipatikana ndipo unapandisha. Hifadhi kila badiliko kwa sentensi ya kueleweka: "Nimerekebisha mwezi wa kuanzia kutoka Februari kwenda Januari." Ukishapandisha GitHub, tovuti ya kuweka miradi ya Git, washa huduma yake ya GitHub Pages, utapata anwani ya tovuti bila kulipa.

Kwenye CV usijaze lugha ulizotumia. Mistari mitatu: tatizo la nani, umefanya nini, nani anatumia. Yangu inasema wanunuzi sita wa dagaa Kibirizi wanaifungua kila wiki, na ni sita kweli, nawajua kwa sura. Wiki iliyopita nilisailiwa kwa video. Swali la kwanza lilihusu programu hii, nikaeleza lile kosa la Februari, tukazungumza dakika ishirini. Majibu bado, na kesho saa 2 nipo tena kwenye maombi.

Leo baki ni 27 na kitu. Mitumbwi hiyo mnaiona inasukumwa majini, na mama mdogo ananiita nikapange mabeseni. Anwani ya programu na msimbo wote nimeweka chini ya video; ukikwama mahali, niandikie ni mstari gani.