Siku Ambazo Rejista Haizihesabu

MWANAIDI: Karibuni. Leo tunawalenga wanafunzi wa chuo wanaotafiti elimu na haki ya tabianchi, yaani nani huumizwa zaidi na mabadiliko ya tabianchi, hasa mafuriko na masomo. Kahindi, wengi huanza na hojaji.

KAHINDI: Mimi ningewaanzisha kwenye rejista ya mahudhurio, dada. Mtoto ukimuuliza leo alikosa shule siku ngapi mwaka 2024, atakisia tu. Rejista iliandikwa siku ile ile.

MWANAIDI: Ila ina tundu. Shule ikifungwa hakuna anayewekwa alama ya kukosa. Ukurasa hubaki mtupu. Shule iliyozama wiki nzima yaweza kuonekana ina mahudhurio mazuri kuliko jirani yake iliyobaki wazi, watoto wakivuka maji kila asubuhi.

KAHINDI: Chukua Kenya mwaka huo. Muhula wa pili ulipaswa kuanza 29 Aprili, ila kwa sababu ya mafuriko ukaanza 13 Mei. Siku 10 za kazi. Toa 1 Mei, Leba Dei, na 10 Mei, iliyotangazwa mapumziko ya kupanda miti. Zinabaki 8, na hizo ni za nchi nzima.

MWANAIDI: Basi 8 ni msingi tu. Swali la haki liko kwenye siku za ziada: shule iliyokuwa imewahifadhi waliohama makwao ilianza kufundisha lini hasa? Jibu litafute kwenye kitabu cha matukio cha mwalimu mkuu, si kwenye tangazo la wizara. Tuseme ina wanafunzi 300 na ilichelewa siku 6 zaidi. 300 mara 14 ni siku-mwanafunzi 4,200. Shule ya mlimani yenye idadi hiyo hiyo ilipoteza 2,400.

KAHINDI: Na usichanganye mambo. Rejista inaonyesha hasara. Haithibitishi kwamba mvua ile ilizidishwa na mabadiliko ya tabianchi. Hilo ni kazi ya wanasayansi wa hali ya hewa.

MWANAIDI: Vibali: kwanza kamati ya maadili ya chuo, kisha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti, kisha ofisi ya elimu ya kaunti. Kwa walio chini ya miaka 18, idhini ya mzazi na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Majina yabaki shuleni. Wewe ondoka na namba ulizowapa badala ya majina tu.

KAHINDI: Sasa sampuli, yaani wachache watakaowakilisha wote, ambako tasnifu nyingi huharibika. Kwa fomula ya Yamane, ya kukadiria ukubwa wa sampuli, wanafunzi 600 na kiwango cha kosa kinachokubalika cha 0.05 hukupa 240. Hesabu ni sahihi, halafu mtafiti anaingia darasani na kuchagua 240 waliokaa mbele yake.

MWANAIDI: Waliofukuzwa na maji hawamo!

KAHINDI: Hawamo kabisa. Chagua sampuli kutoka orodha ya muhula wa kwanza, kabla ya mafuriko. Asiyepatikana ulizia kwa mwalimu wa darasa na mzee wa mtaa: kahamia shule nyingine, au kaacha? Ukimkosa, mwandike "hakupatikana". Usimjaze mwingine mahali pake.