Kupandisha Alama za Verbal kwenye GMAT: Mwandishi Anadai Nini?

Karibuni tena. Leo sina mapambo mengi: nina kompyuta, kibao cheupe, na kalamu moja ambayo wino wake unaelekea ukingoni. Tunaishughulikia Verbal, sehemu ya kusoma na kupima hoja kwenye GMAT, mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi katika shule za biashara. Wahasibu, wahandisi na watu wa benki wanaotaka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, huifikia wakiwa wameshakata tamaa. "Kiingereza si changu," wanasema. Mimi nimekaa na watu wa namna hiyo, na karibu kila mara Kiingereza chao kinatosha kabisa. Kinachowaponza ni kukimbilia majibu matano ya kuchagua kabla hawajajua mwandishi wa kifungu anadai nini.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mtihani uleule. GMAT inayofanywa sasa ilianza Novemba 2023, ikiitwa Focus, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Ina sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu, Verbal, na uchambuzi wa data. Verbal ina maswali 23 ya aina mbili tu, ufahamu na uchambuzi wa hoja. Maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa, na insha nayo imekwenda zake. Nalisisitiza hili kwa uchungu. Nilinunua kitabu cha mtumba, kinene kama tofali, nikakesha wiki tatu nikikariri kanuni za sarufi, kumbe sarufi yenyewe haiulizwi tena. Kosa langu, sikuangalia mwaka wa kuchapishwa. Wewe uangalie kabla hujatoa pesa.

Halafu alama. Kila sehemu hupewa alama kati ya 60 na 90, na zote tatu zina uzito sawa katika jumla, inayoanzia 205 hadi 805. Kwa hiyo ule mpango wa "hesabu itanibeba" uache hapo mlangoni.

Hatua ya kwanza: jipime ukiwa hujajiandaa. Kwenye mba.com, tovuti rasmi ya mtihani, kuna mitihani miwili ya kujipima isiyolipiwa. Fanya mmoja leo au kesho, kwa muda kamili, simu ukiwa umeizima. Wa pili uweke akiba mpaka wiki mbili kabla ya siku yako. Usiufungue "kuangalia tu", maana swali ukishaliona halikupimi tena sawasawa.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa video hii, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Tazama kibao. Nimeandika swali la hoja nililolitunga mwenyewe, nimeliweka kwa Kiswahili ili tuone mifupa yake.

"Kampuni ya mabasi ilipunguza nauli ya safari za usiku kwa asilimia 20. Miezi sita baadaye, abiria wake wa usiku wameongezeka. Meneja anasema kushusha nauli ndiko kulikoleta abiria." Swali: lipi kati ya haya linadhoofisha zaidi dai la meneja?

Usisome majibu bado. Nimeyafunika kwa karatasi makusudi, na nyumbani fanya hivyohivyo. Jiulize mambo mawili, kwa Kiswahili, kwa sauti ikiwezekana. Anadai nini? Nauli ndiyo sababu. Anategemea nini? Kwamba abiria waliongezeka baada ya nauli kushuka. Basi pengo limeshaonekana: kutangulia si kusababisha. Huenda kuna kitu kingine kilichowaleta hao abiria. Sasa ninajua ninachowinda kabla sijaona jibu hata moja. Naondoa karatasi.

A, abiria wengi wa usiku wanalalamika kwamba viti havilaliki. B, ndani ya miezi hiyo sita, kampuni nyingine mbili ziliacha kusafiri usiku kwenye njia hiyo. C, nauli za mchana hazikubadilika. D, mwezi wa kwanza kampuni ilipata hasara. E, baadhi ya abiria wa usiku wangesafiri mchana kama nauli zingekuwa sawa.

Simamisha video, chagua.

Jibu ni B. Abiria wa zile kampuni mbili walikosa basi, wakahamia hapa, na nauli huenda haikuhusika. Lakini kujua B peke yake hakukusaidii sana, tuyaangalie yaliyokosea. D ndiyo inayowanasa watu wa biashara, kwa sababu hasara inawauma. Meneja lakini hakusema neno lolote kuhusu faida. Amesema abiria. C inaonekana kama ina kitu, ila haituletei sababu nyingine yoyote. A haigusi dai. Na E, itazame vizuri: inaliimarisha dai la meneja, maana inasema kuna watu wanaopanda usiku kwa ajili ya nauli. Ukiisoma kwa haraka, ukiona "wangesafiri mchana", unadhani inampinga. Jibu la namna hii, linalofanya kinyume cha ulichoulizwa, utakutana nalo tena na tena.

Maswali yanayotaka dhana iliyofichika, ile ambayo mwandishi hakuisema lakini anaiegemea, yana kipimo chake. Chukua jibu unalolishuku, likanushe, kisha uone hoja inabaki imesimama au inaanguka. "Hakuna kampuni nyingine iliyoacha safari za usiku." Kanusha: ipo iliyoacha. Hoja ya meneja imeyumba, basi hiyo ndiyo dhana. Hoja ikibaki wima, jibu hilo halikuwa mhimili wake.

Hatua ya tatu: ufahamu. Hapa watu hutafsiri neno kwa neno kichwani, mpaka aya ya tatu wameshasahau ya kwanza. Usitafsiri. Kila aya ikiisha, iandikie maneno matano au sita ya Kiswahili kwenye kibao chako cha kufutika, ukieleza aya hiyo inafanya kazi gani. Nilichokisoma jana usiku kilihusu popo. Ramani yangu hii hapa: "Wengi: popo hutegemea mwangwi." Aya ya pili: "Mwandishi: si wote, popo wa matunda macho zaidi." Ya tatu: "Lakini mmoja hugonga ulimi, husikiliza mwangwi." Basi. Ni kweli, kuna popo wa matunda anayejiongoza gizani kwa kugonga ulimi na kusikiliza mwangwi wake. Jambo tamu, ningeweza kulizungumzia mpaka kesho, na ndiyo maana nakutahadharisha. Mtihani haukudai uwe mtaalamu wa popo. Unataka ujue ile aya ya tatu imewekwa pale kufanya nini: kuweka mpaka kwenye dai la aya ya pili.

Maneno ya kugeuza mkondo, kama "however", "although" na "yet", yapigie mstari akilini. Mara nyingi msimamo wa mwandishi unaanzia hapo.

Na sasa yale mambo matatu yanayotusumbua sisi wasemaji wa Kiswahili, ambayo vitabu vya Wamarekani havitakwambia. La kwanza: "many" na "most". Sisi zote tunaziita "wengi". Lakini "most" ni zaidi ya nusu, na "many" haikwambii kama nusu imefika. Kifungu kikisema "many" na jibu likisema "most", jibu hilo limevuka mpaka. Mimi nikiiona "most" naisoma "zaidi ya nusu", kwa nguvu, mpaka imekuwa tabia.

La pili: "he" na "she". Kwetu yeye ni yeye. Kifungu chenye watafiti wawili, mmoja mwanamke, mwingine mwanamume, kinaweza kukuonyesha kwa herufi moja tu nani anapinga na nani anapingwa. Ukiipita, umemvisha mtu maneno ya mwenzake, na swali linalofuata litakuwa hapohapo.

La tatu: "if" na "only if". Ya kwanza ni "ikiwa". Ya pili ni "ila tu ikiwa". Mama akisema utakwenda harusini ila tu ukimaliza vyombo, hajaahidi kwamba ukimaliza utakwenda. Waliolelewa na mama wa aina hiyo wanalijua hili tangu utotoni.

Hatua ya nne: daftari la makosa. Fanya maswali kumi kwa siku, yakizidi kumi na mawili umetosheka, na muda wa kuyapitia uwe mrefu kuliko wa kuyafanya. Kwa kila ulilokosa, andika jibu ulilochagua, sababu iliyokuvutia kulichagua, na neno au kishazi kilichopaswa kukuzuia. Usiandike "nilikosea kwa haraka", hilo si maelezo. Hili ni langu la mwezi uliopita, soma: "Nilichagua C kwa sababu ni kweli duniani. Kifungu hakikusema." Nilipofikisha kurasa nane nikahesabu, nikakuta sentensi hiyo nimeiandika mara kumi na moja. Yaani nilikuwa nikijibu kwa elimu yangu, si kwa kilichoandikwa. Hapo ndipo nilipojua nifanyie nini mazoezi. Andika pia yale uliyoyapata kwa kubahatisha, usijidanganye.

Hatua ya tano: saa. Dakika 45 kwa maswali 23 ni karibu dakika mbili kwa swali, ila usilihesabie dakika kila swali, utachanganyikiwa. Kusoma kifungu kwenyewe kunakula dakika mbili au tatu kabla hujajibu chochote, halafu maswali yake yanakwenda haraka. Weka vituo viwili. Ukimaliza swali la 8, saa isome karibu dakika 30 zilizobaki. Ukimaliza la 16, karibu 14. Umechelewa? Liachie swali moja gumu, chagua jibu la kubahatisha, liwekee alama, songa. Kuacha maswali mwishoni bila kuyajibu kunakukata alama, kwa hiyo hata dakika ya mwisho hakikisha kila swali lina jibu.

Ukimaliza yote 23 na muda ukiwa umebaki, mtihani unakuruhusu kurudi na kubadili majibu, lakini matatu tu kwa kila sehemu. Usiyatumie kwa wasiwasi. Badili pale tu unapoweza kuonyesha neno lililokuponyoka mara ya kwanza. Na kwa kuwa unachagua mwenyewe mpangilio wa sehemu, jaribu nyumbani kuiweka Verbal mwanzoni, akili ikiwa bado haijachoka, kisha siku nyingine iweke mwisho. Alama zako zitakwambia ukae wapi.

Zoezi la leo liko kwenye skrini. "Shule moja ilianza kuwapa wanafunzi uji asubuhi. Muhula huo, wanaochelewa wakapungua kwa nusu. Kwa hiyo, shule zote za wilaya zikitoa uji, uchelewaji utapungua wilayani kote." Usitafute jibu, hakuna majibu matano hapa. Andika dai kwa sentensi moja, kisha uandike mapengo. Nimeyahesabu mawili. Ukiliona moja tu, rudi kwenye neno "kote".